Miiba ya Mwabuyeji

Sura ya Sita

“Tuliita, afande. Naapa kwa kaburi la baba yangu, tuliita.”

Ngeleja alikuwa amesimama katikati ya chumba cha mahabusu pale Bariadi, mikono nyuma, kifua mbele, kama mtu aliye gwarideni, ingawa hakuna aliyemwambia asimame. Wiki iliyopita tu mtu huyu alikuwa kamanda wa mgambo wa operesheni ya kuhamisha watu, na filimbi yake ikilia watoto walijificha uvunguni. Sasa mkanda wake ulikuwa kwenye dawati la zamu na suruali ilikuwa ikimteremka. Ukubwa ni jaa, walisema waliotutangulia, na taka zote za wiki ile zilikuwa zimemwagwa juu yake.

Inspekta Shigela aliketi kwenye ndoo iliyopinduliwa. Alikuwa mtu wa Shishiyu, mzito wa mwili na wa maneno, mwenye tabia ya kuuliza swali lilelile kwa sauti ileile mpaka mtu achoke kudanganya.

“Mliita nini?”

“‘Mayu, baba, kama mmo tokeni.’ Kwa Kisukuma. Kila nyumba tuliyochoma pale Mwabuyeji tuliiita kwanza. Ndiyo amri, na hata isingekuwa amri, mimi nami nina mayu, mama aliyenizaa.”

“Na ile ya mwisho, yenye zizi la ndama nyuma?”

“Ile tuliiita kuliko zote.”

“Kwa nini?”

“Ilikuwa bado nzima. Majirani waliondoka na nguzo zao na fito zao. Ile ilikuwa na paa na kila kitu. Nikaita, nikatega sikio, nikaita tena. Kimya. Ndipo nikautazama mwiba wa mlangoni.”

“Umekaaje?”

“Shina nje, afande. Umefungwa kwa kamba, na shina liko nje. Wewe ni mtu wa huku. Ungefanya nini?”

Jibu Shigela alikuwa nalo, na hakulipenda.

Upande ule hakuna mtoto asiyejua habari ya shina. Mlango wa mtu wa kawaida ni tawi la mgunga lenye miiba yake. Anayelala ndani hulivuta kwa shina akiwa ndani, miiba ikabaki kuwatazama fisi. Anayeondoka hulivuta akiwa nje, na shina hubaki nje. Shina ndani, mwenyewe yupo. Shina nje, usijichoshe kubisha. Shigela alilijua hilo kabla hajajua kuhesabu, maana ndiye aliyekuwa akifunga boma la baba yake.

“Kilichonileta hapa ni maiti ya mwanamke, Ngeleja. Amekufia ndani ya nyumba uliyoiwasha wewe.”

“Najua.” Sauti ya kamanda ilikatika. “Na waliohamishwa wote wanasema nilimwona nikamchoma kwa makusudi. Watanifunga, afande. Pengine wataninyonga. Lakini hakuitika. Nitasema nini kingine? Hakuitika.”

Shigela aliondoka mahabusu bila kusema kama anamwamini au hamwamini. Nje Konstebo Bundala alikuwa ameshawasha Landrova. Katika kiti cha nyuma kulikuwa na gunia la unga, na ndani ya gunia vitu vitatu tu vilivyookolewa katika moto ule: kipande cha kamba nyeupe chenye fundo, kopo la matunda lenye maandishi ya kigeni, na kitambaa kilichokuwa ndani ya chungu kilichofunikwa, ndiyo maana hakikuungua.

Maiti yenyewe iligunduliwa na wachungaji. Watu wa Mwabuyeji walihamishiwa kijiji kipya mara baada ya mavuno, lakini ng’ombe hawakuhutubiwa. Kila jioni walirudi wenyewe kwenye mazizi yao ya zamani, na wachungaji wakawafuata huku wakiwatukana. Jioni moja wakakuta majivu yanafuka moshi. Wakakata kamba, wakaondoa tawi la mgunga lililobaki, wakamkuta mwanamke karibu na tundu la kupitishia ndama, kichwa kimeelekea huko. Hakutambulikana kwa sura. Kwandu, mzaliwa wa Mwabuyeji anayeishi Kasoli, ndiye aliyemtambua kwa bangili za shaba. Ni mama yangu Nyanjige, alisema, akakaa chini kwenye vumbi la kituo.

Na hapo ndipo jambo lilipoharibika zaidi. Watu wa kijiji kipya walikuwa wanaamini Nyanjige yuko Kasoli kwa bintiye. Kwandu alikuwa anaamini mama yuko kijiji kipya na wenzake. Pande zote mbili ziliambiwa hivyo na mtu mmoja, Mahona, mtoto wa kiume wa marehemu, dereva wa kampuni ya watalii.

“Mimi naona kesi imekwisha,” alisema Bundala, akikwepa mashimo ya barabara. “Kikulacho ki nguoni mwako. Baba yao aliacha ng’ombe wengi, na mama ndiye aliyekuwa amewakalia. Mwana anamfungia ndani, anaweka shina nje, anakwenda zake kuonyesha watu simba. Kiberiti cha operesheni kinammalizia kazi. Mikono yake haina hata masizi.”

“Hivyo ndivyo ninavyofikiri na mimi,” alisema Shigela.

“Sasa mbona umenuna?”

“Kwa sababu ni mama yake, Bundala.”

Kambi ya kampuni ya Hema Nyeupe ilikuwa kando ya mto Duma, mahali ambapo maji ya kiangazi hubaki katika madimbwi na wanyama hawana hiari ila kuja. Ilikuwa kampuni ndogo, magari mawili, lori moja na mahema machache, lakini mambo yake yalikuwa makubwa. Ndani ya kila hema kulikuwa na zulia na kitanda cha miguu, na nje karai la turubai lililojazwa maji ya moto kabla mgeni hajaamka. Nchi nzima ilikuwa ikipanga foleni ya sukari, na pale mezani sukari ilikuwa na koleo lake la fedha. Shigela alilitazama koleo lile kwa muda, kisha akaketi palipokuwa na kivuli.

Gari la Mahona halikuwepo. Alikuwa Seronera na wageni tangu kabla ya moto, na alitarajiwa kabla ya chakula cha mchana. Kambini hakuna simu wala redio ya upepo. Maana yake ilikuwa moja: kama hakuhusika, Mahona hakujua bado kwamba mama yake amekufa. Shigela aliwaonya wote wasimwambie lolote, akamwita mtumishi wa meza.

Huyo alikuwa mzee Uledi, mtu wa Pangani, kanzu nyeupe, mkanda mwekundu kiunoni. Shigela alikitoa kitambaa kwenye gunia akakiweka mbele yake bila kukikunjua.

“Shikamoo bwana mkubwa,” alisema Uledi, lakini macho yalikuwa kwenye kitambaa.

“Marahaba. Sisi tu marika, acha shikamoo. Hiki unakijua?”

“Chetu. Na mkunjo ni wa mikono yangu. Hili ni umbo la ua la yungiyungi. Mezani nakunja umbo la kofia, yungiyungi ni la kapu la njiani peke yake, linashika mkate usitawanyike.”

“Kapu la njiani linabebwa na nani?”

“Gari la mbele.”

“Dereva wake?”

Uledi alikipangusa kitambaa vumbi ambalo halikuwepo. “Mahona.”

“Fungua.”

Uledi alifungua. Ndani mlikuwa na kipande cha mkate kilichokauka. Shigela alikigeuza kwa kidole.

“Huu mkate umekatwa ganda pande zote.”

“Wageni hawapendi ganda, bwana.”

“Huu hakuula mgeni. Umekutwa kwenye chungu cha udongo Mwabuyeji, ndani ya nyumba iliyoungua. Ganda limekatwa kwa ajili ya nani?”

Mzee aligeuza uso upande wa jikoni. Kule jikoni mtu alikuwa akipiga mayai kwenye bakuli, na sauti ile iliendelea mpaka Shigela akarudia swali lake, vilevile, bila kupandisha sauti.

“Aliniomba mwenyewe,” alisema Uledi hatimaye. “Kila tukitoka kupitia upande ule. Mkate wa ndani, ndizi iliyoiva sana, na kopo moja la matunda laini. Akaniambia ana mgonjwa asiye na meno. Sikumuuliza mgonjwa gani. Mtu akikuomba kwa ajili ya mgonjwa humdai cheti cha daktari.”

“Alianza lini?”

“Watu walipohamishwa.”

“Na Bi Rehana, mwenye kampuni, anajua?”

“Bi Rehana anajua hesabu ya vijiko vyake, bwana. Mkate, aghalabu huwa haulizi.”

Bundala, aliyekuwa amesimama nyuma na pingu zake, alikohoa. Shigela alikikunja kitambaa tena, vibaya, na Uledi akakichukua akakirudisha katika umbo lake.

Kesi ya Bundala ilikuwa imepata ufa. Mtu anayetaka mama yake afe hahangaiki na maganda ya mkate. Lakini Shigela alikuwa amewahi kuona watu wanaolisha kwanza wakaua baadaye, na fundo la kamba lilikuwa bado ndani ya gunia.

Bi Rehana alimpokea kwenye hema la chakula. Alikuwa mwanamke mwembamba wa makamo, miwani imening’inia shingoni kwa mnyororo. Baba yake alikuwa na kinu cha pamba Kasoli zamani. Kinu kilipochukuliwa na serikali, binti alibaki na mahema ya baba ya kuwindia na birika la fedha, akayafanyia biashara. Alimwita kila mtu ndugu, kwa uangalifu, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe.

“Ndugu Inspekta, kama ni habari ya vibali, vyote vipo.”

“Si vibali. Mahona, gari lake husimama wapi likitoka hapa kwenda mbugani?”

“Mwabuyeji. Kwenye mwamba. Ndipo mahali petu pa chai wakati wa kwenda, kurudi hupita njia nyingine.”

“Nani alipachagua?”

“Yeye. Zamani tulikuwa tukinywa chai mbele zaidi, mtoni. Baada ya operesheni akaniambia pale mwambani upepo ni mzuri, na mgeni anaona nchi mpaka inapokutana na mbingu. Kweli wageni walipapenda. Tunatandika kitambaa cheupe, tunapanga vikombe. Wanapiga picha zile nyumba za msonge zilizo tupu. Wageni wangu hutoka mbali ili waone nchi isiyo na mtu.”

“Ilikuwa na watu.”

“Najua, ndugu.” Alivua miwani shingoni akaiweka mezani. “Nilikuwa nikipima pamba yao nikiwa msichana. Safari iliyopita mama mmoja wa Denmaki alimwuliza Mahona, watu wa hapa walikwenda wapi? Akamjibu, wamehamia karibu na shule na kisima. Kisha akamwongezea chai.”

“Na wageni wakinywa chai, yeye hufanya nini?”

“Huchukua kapu, husema anakwenda kuangalia njia. Anakawia. Akirudi mikono imechanika, mara nyingine inatoka damu. Nimempa iodini mara kadhaa.” Akaisogeza miwani mezani. “Nitakwambia ukweli. Nilidhani ana mwanamke. Mke wa mtu, pengine, wanakutana kwenye yale magofu. Nikanyamaza. Dereva mzuri hapatikani, na mapenzi ya watu si kazi yangu.”

“Mikono imechanika na nini?”

“Miiba, nadhani. Ningemwuliza, ndugu Inspekta. Sasa naona ningemwuliza.”

Shigela alitoa kamba. “Hii?”

“Kamba ya hema. Ya kwetu.”

“Mwenye fundo hili ni nani?”

Bi Rehana aliisogeza kwenye mwanga. Lilikuwa fundo la kuteleza, lile linalokaza kadiri linavyovutwa. Kila mfanyakazi wake hufunga fundo la aina hiyo, alisema, lakini Mahona ana mkono wa kushoto, fundo lake hulala upande wa pili. Na hili lilikuwa limelala upande wa pili.

Kwa hiyo mambo yakawa wazi kiasi cha kumuumiza mtu. Mahona ndiye aliyefunga. Mahona ndiye aliyeacha shina nje. Mahona ndiye aliyedanganya pande mbili. Na Mahona huyohuyo alikuwa akipita miiba kwa mikono mitupu, kila safari, kupeleka ndizi iliyoiva sana. Shigela aliona picha mbili zilizotengenezwa kwa vitu vilevile. Katika moja Mahona anakwenda kunyongwa. Katika nyingine anakuja kuambiwa jambo ambalo Shigela hakutaka kuwa yeye wa kulisema. Tofauti ya picha hizo ilikuwa swali moja, na lilipaswa kuulizwa kabla Mahona hajajua, maana baada ya kujua hakuna mtu ambaye angeyaamini majibu yake, si hakimu wala ndugu zake. Ulikuwa ukatili. Shigela aliujua kuwa ni ukatili na akajiandaa kuufanya.

Landrova ya Mahona iliingia kambini ikiwa imejaa vumbi na vicheko. Wageni waliteremka wakielezana habari za chui waliyemwona mtini. Mahona aliwafungulia milango, akampa mkono mama mmoja mzee mpaka akakanyaga chini vizuri, akamwambia neno lililomchekesha. Alikuwa kijana mrefu, amevaa kaki iliyopigwa pasi, na mikono yake ilikuwa na makovu mapya juu ya ya zamani. Uledi alipita karibu naye na sinia la vinywaji bila kumtazama.

Shigela alimngoja nyuma ya lori, penye kivuli. Bundala akasimama mbali kidogo.

“Mwadila, afande,” alimwamkia Mahona kwa Kisukuma, akishika kiganja kwa kiganja kwa heshima. “Shikamoo.”

“Marahaba. Mwadila. Keti.”

Akaketi kwenye sanduku la vyombo. Shigela akamwekea kamba magotini.

“Ya nani?”

“Ya hema.” Akaligeuza fundo, akatabasamu kidogo. “Fundo langu.” Kisha tabasamu likaondoka. “Mmeitoa wapi?”

“Jibu kwanza. Uliifunga wapi?”

Mahona alimtazama Inspekta, akamtazama Bundala na pingu, akashusha pumzi ndefu, kama mtu aliyetua mzigo.

“Mlangoni kwa mama. Mmempata, basi. Sawa. Afande, yeye hana kosa, naomba uandike hivyo. Mguu wake ulivunjika zamani ukaunga vibaya, hawezi safari, na kule kijiji kipya walimpa sehemu isiyo na mti hata mmoja. Akasema hawezi kuyaacha masamva, vibanda vya mizimu ya baba na ya babu, yakanyeshewa mvua peke yake. Nilimsihi mpaka nikachoka. Wakati lori la kuhamisha linakuja alijificha kwenye mabua ya mtama, watu walipoondoka akarudi ndani. Ningefanya nini? Mimi ndiye niliyemficha. Pingu ni zangu.”

Alinyoosha mikono. Shigela hakuigusa.

“Watu wa kijiji kipya uliwaambia yuko Kasoli.”

“Ndiyo.”

“Kwandu ukamwambia yuko kijiji kipya.”

“Kwandu hajui kunyamaza, afande. Angelia, angekwenda kumtoa. Nilikuwa nangoja mvua. Nilijua mvua zikinyesha operesheni itapoa, nimjengee mwambani chumba, niseme amerudi mwenyewe. Amekwenda wapi sasa? Mko naye kituoni? Anakula? Mkate mgumu hawezi.”

Bundala aliangalia pembeni. Lakini swali la Shigela lilikuwa halijaulizwa.

“Ulipofunga, shina uliliacha upande gani?”

“Nje.”

“Kwa nini nje, na mtu yumo ndani?”

“Ili mgambo wakija wajue hakuna mtu, wapite zao. Kutoka alikuwa anatoka, si kwamba nilimfungia, usifikiri hivyo. Kuna tundu la ndama nyuma. Usiku, wachungaji wakishaondoka, hutambaa akatoka, akachota maji, akafagia kwa babu.” Alikuwa akizungumza haraka sasa, akitaka aeleweke. “Ni akili tu, afande. Watu wetu wakiona shina nje hawaingii.”

“Na wakiita?”

“Nini?”

“Mgambo wakifika, wakaita. Mama alijua afanye nini?”

“Alijua. Hilo nilimfundisha kama mtoto wa shule. Nilimwambia, mayu, yeyote atakayeita, usiitike. Hata akiita kwa Kisukuma, hata akiita mayu. Wanajua kuita kwa upole. Usiitike, usikohoe. Utaitika sauti yangu tu. Nikifika namwamkia kupitia mwiba, naye ndipo anaitika.”

Hiyo ndiyo ilikuwa tofauti ya picha mbili, na sasa picha ilikuwa moja. Shigela alivua kofia yake akaiweka chini. Alikuwa amewahi kupeleka habari za vifo kwa watu wengi, lakini alikuwa hajawahi kumpelekea mtu habari ambayo mtu mwenyewe alikuwa ametoka kumalizia kuitunga bila kujua. Huzuni ilimshika, na hakuona sababu ya kuificha.

“Ng’wanone,” alisema kwa Kisukuma, akimwita mwanangu, maana Kiswahili cha kituoni kilikuwa hakifai tena. “Mwabuyeji imechomwa. Nyumba zote zilizobaki, watu wasirudi. Mama alikuwa ndani. Amekufa. Kwandu amemzika.”

Mahona hakupiga kelele. Aliendelea kuishika kamba, akilikaza fundo polepole, mpaka vidole vikawa vyeupe. Mezani mgeni mmoja aliomba barafu, na Uledi akasema ndiyo mama, inakuja. Bi Rehana alikuja mpaka kona ya lori, akaona, akarudi nyuma akakaa kwenye ngazi ya hema na uso wake kwenye viganja.

“Nani?” aliuliza Mahona.

“Mgambo. Kamanda wao yuko ndani Bariadi. Watu wanasema alimwona akamchoma makusudi. Akipatikana na hatia atanyongwa.”

“Alimwona?”

“Hapana.”

“Waliita?”

Hapo palikuwa na njia mbili. Shigela angeweza kusema hawakuita. Kijana angepata mtu wa kumchukia, na chuki humsimamisha mtu wima miaka mingi. Lakini kule mahabusu kulikuwa na mtu mwingine anayeapa kwa kaburi la baba yake, naye pia alikuwa mtoto wa mtu.

“Waliita,” alisema Shigela. “Kwa Kisukuma. Kamanda aliita, akatega sikio, akaita tena.”

“Alisema mayu?”

“Alisema mayu.”

Mahona alitikisa kichwa kwa kukubali, taratibu, kama mtu anayeelekezwa njia na kuifahamu. Machozi yalikuwa yakimtoka na hakuyafuta.

“Basi mwachie,” alisema. “Andika maelezo yangu, nitaweka sahihi. Andika kamba ni yangu. Andika shina lilikuwa nje, niliweka mimi, na yeyote wa huku angeamini hivyo. Huyo mtu hakukosea kusoma.”

Shigela alitoa karatasi na kalamu, akaandika magotini kwake, sentensi kwa sentensi, akimsomea kila moja. Bundala alizirudisha pingu kiunoni bila kuambiwa. Walipofika mwisho Mahona alitia sahihi kwa mkono wake wa kushoto, akamrudishia kalamu, akabaki amekaa.

“Ulimjua mama yangu, afande?”

“Sikumjua.”

“Alikuwa mkaidi mpaka wanakijiji wakamtungia wimbo. Mume alimwambia hili, akafanya lile. Balozi wa nyumba kumi aliacha kumwita mkutanoni. Serikali imekuja na lori na bunduki, ikamwambia hama, akakataa.” Aliilaza kamba kwenye sanduku, akainyoosha. “Maisha yake yote sikumbuki amemtii mtu. Hata mimi, nikimwambia avae viatu, alivitupa. Mara moja tu, afande. Mara hiyo moja ndiyo alinisikiliza.”